Gesi Haiishi, Hutoka

Ukitaka kuijua esi ya pikapu yako, usiijaribu saa moja asubuhi ukiteremka daraja la Nyali. Ipeleke foleni ya feri ya Likoni saa nane mchana, mwezi wa Februari, siku ambayo kaskazi imelala. Gari limesimama, injini inazunguka polepole, jua limeketi juu ya dashibodi, na hewa ina maji hata shati laganda mgongoni kabla hujafunga mlango. Esi ikikupoza hapo, itakupoza kokote Kenya. Nimekaa foleni ile miaka mingi nikivusha samaki na barafu, na karibu kila nilichojifunza kuhusu mafundi wa esi nilijifunza hapo, jasho likinitiririka, muda mfupi baada ya kulipa.

Msimu mmoja wa kaskazi nilitia gesi mara tatu. Karakana sitaitaja. Kila mara mambo yalikuwa yale yale: fundi afungua boneti, aleta mtungi, afunga mpira, hewa baridi yatoka, nashukuru, nalipa. Wiki tatu hazijesha, hewa imerudi kuwa vuguvugu. Mara ya tatu nikauliza gesi inakwenda wapi. Nikajibiwa, "Imetumika, ami. Joto ni jingi mno mwaka huu." Nami, mtu mzima mwenye ndevu, nikaitikia.

Aliyenitoa ujinga ni mzee mmoja wa Majengo aliyefanyia kazi chini ya mwarobaini, hana bango wala sare. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe cha kahawa chini, akasema: "Gesi haiishi, mwanangu. Hutoka. Hebu twende tukaitafute itokapo." Alitumia zaidi ya saa nzima bila kuugusa mtungi wa gesi. Tangu siku hiyo kipimo changu cha fundi wa esi ni kimoja: natazama anafanya nini kabla ya kufungua mtungi.

Na neno mtungi lenyewe latosha kueleza kazi yote. Katika nyumba za Mji wa Kale, kabla friji hazijaenea, maji ya kunywa yaliwekwa katika mtungi wa udongo mahali penye upepo. Udongo hutoa jasho. Lile jasho likigeuka mvuke hutaka joto, na joto hilo hulichukua kwa maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi uliopakwa rangi nje, hata uwe mzuri vipi, haupozi kitu. Esi ya gari ni mtungi uleule, ila jasho lake halipotei. Gesi ya R134a, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, huchemkia ndani ya koili iliyofichwa nyuma ya dashibodi na kufyonza joto la kabini. Kompresa huivuta na kuibana. Kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, hulitupa joto nje na kuirudisha gesi kuwa maji. Draya huichuja na kunyonya unyevu wake, kisha valvu yenye tundu dogo huipitisha tena kwenye koili. Mzunguko umefungwa, na hakuna mahali gesi inapoliwa. Ni kweli kwamba mipira na sili ya kompresa huachia chembe kidogo mwaka baada ya mwaka, lakini pikapu inayodai gesi kila kaskazi ina tundu, na tundu halizibwi kwa kuongeza gesi.

Basi mpelekee fundi gari, vuta kiti, utazame.

Fundi anayejua kazi huanza kwa maswali, na kila swali lake lina shabaha. La kwanza huwa: inapoza ukiwa unakwenda, au hata ukisimama? Kwenye pikapu swali hili lina uzito kuliko kwenye gari dogo. Pikapu nyingi za kazi, Hilux na Isuzu zikiwemo, feni kubwa ya rejeta huzungushwa na injini yenyewe kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Klachi hiyo ikichoka, feni huteleza. Ukiwa njiani kuelekea Mtwapa upepo wa mwendo huifanyia kazi yake na wewe huhisi lolote; ukisimama Likoni hakuna upepo, kondensa inachemka, na kabini inageuka tanuri la mkate wa mofa. Hewa baridi barabarani, hewa moto foleni: hapo gesi haina kosa mpaka feni na kondensa zichunguzwe. Nimeshuhudia watu wakitiwa gesi kwa ugonjwa huu, na kwa kuwa gesi ikizidi huongeza presha, hali huwa mbaya kuliko mwanzo.

Swali la pili: inakata baada ya muda gani? Esi inayopoza dakika ishirini, ikakata, ukaizima ikapumzika, kisha ikarudi, mara nyingi ina unyevu ndani unaoganda kwenye tundu la valvu, au koili yenyewe inageuka barafu. Yaweza pia kuwa ile klachi ya kompresa, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo nilipomwona mzee akionyesha ufundi wake.

Kijana mmoja alileta Isuzu. Asubuhi esi yake ilikuwa nzima, ikifika adhuhuri inakataa. Alikuwa ameshaambiwa mahali pengine kwamba kompresa imekufa, na pesa za kompresa alikuwa nazo mfukoni. Mbele ya kompresa kuna puli inayozunguka daima, na mbele yake bamba la chuma. Katikati yao pana uwazi mwembamba, mara nyingi kati ya milimita 0.3 na 0.6. Ukiwasha esi, sumaku ya umeme hulivuta bamba likagusana na puli, unasikia "tak", na kompresa inaanza kuzunguka. Miaka ikienda nyuso zile hulika, uwazi hupanuka. Kompresa ikipata moto, nguvu ya sumaku hupungua, bamba halifiki. Mzee alichukua fila geji, akazichomeka bapa zake moja baada ya nyingine mpaka moja ikakwama, akatikisa kichwa. Akafungua nati moja, akalitoa bamba, akatoa nyuma yake washa moja nyembamba kama ukucha, akarudisha kila kitu. Akapima tena. "Tak." Yule kijana alishika pesa zake za kompresa kama mtu aliyeokota mkoba wake mwenyewe.

Baada ya maswali huja mkono. Mabomba ya esi ni mawili kwa macho ya mtu wa kawaida: jembamba na nene. Esi ikifanya kazi, jembamba linalotoka kwenye kondensa liwe na joto la kushikika, na nene linalorudi kwenye kompresa liwe baridi na limelowa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu. Fundi mzuri huyashika yote mawili bila kusema neno. Kisha hupitisha kiganja, akijihadhari na feni, kutoka juu ya kondensa kwenda chini. Joto linatakiwa kupungua taratibu. Likikatika ghafla katikati, pana kizuizi.

Halafu jicho. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na gesi ikitoka huyaacha mlangoni. Mafuta hushika vumbi, vumbi hugeuka tope jeusi lenye unyevu. Ukiona doa kama hilo kwenye maungio ya bomba, hiyo ni saini ya mwizi. Kwenye pikapu yangu saini haikuonekana kwa juu. Mzee aliingiza kioo kidogo cha kunyolea ndevu chini ya mpira unaorudi kwenye kompresa, mahali unapopita karibu na braketi ya chuma, akamulika tochi ya simu. Mpira ulikuwa umejisugua hapo kwa miaka. Akapaka povu la sabuni kwa brashi ya rangi, tukangoja. Kikatokea kiputo kimoja kidogo, kikavimba, kikapasuka. Kikaja kingine. Gesi yangu ya mara tatu ilikuwa ikitokea kwenye tundu lisilozidi ncha ya sindano, na wale walionijazia hawakuwahi hata kuinama.

Si kila uvujaji unakubali sabuni. Mwingine unataka rangi inayong'aa chini ya taa ya zambarau, mwingine chombo cha kunusa gesi, na wa koili ya ndani unataka dashibodi ishushwe, kazi ya siku nzima. Mfumo ukiwa umebaki mtupu, fundi wa kweli huujaza naitrojeni kavu ili kuupima. Wa kulipua huleta kompresa ya kujazia tairi. Hewa ya tairi ya Mombasa ni maji matupu, na kubana hewa pamoja na mabaki ya gesi na mafuta ni kucheza na moto. Ukiuona ule mpira wa tairi unakaribia boneti yako, funga boneti.

Sasa geji, zile saa mbili za buluu na nyekundu ambazo kila karakana huzitundika mahali zionekane. Hapa wengi hudanganywa, na mafundi wengine hujidanganya wenyewe. Injini ikiwa imezimwa, kwenye kivuli cha nyuzi 32, geji ya R134a itasoma kama pauni 100, gari likiwa limejaa gesi au limebaki na robo. Maadamu kuna gesi ya maji hata kidogo ndani, presha hufuata joto la siku, haifuati wingi wa gesi. Kila mama anayepikia mtungi wa gesi anajua jambo hili bila kusomea: moto ni uleule mpaka siku unapozimika katikati ya pilau, ndiyo maana mtungi huinuliwa na kutikiswa. Kwa hiyo fundi anayesoma geji injini ikiwa kimya na kukwambia gesi iko sawa, hajakwambia kitu.

Geji huanza kusema kweli kompresa inapozunguka. Kwa joto letu, upande wa chini ukae baina ya pauni 30 na 45 hivi, upande wa juu baina ya 200 na 250. Zote mbili zikiwa chini, gesi ni kidogo. Chini imepanda na juu imeshuka, kompresa imechoka kubana. Chini imezama mpaka karibu na sifuri, pana kizuizi. Juu imevuka 300 gari likiwa limesimama, mwambie fundi amwagie kondensa maji kwa ndoo. Presha ikiporomoka na hewa ikapoa, basi ugonjwa ni wa feni au uchafu, na ndoo moja ya maji imekuokolea bei ya kompresa.

Kondensa ni mgonjwa wa kudumu wa mji huu. Imekaa mbele kabisa, ya alumini, vipezi vyake vyembamba kama karatasi, na kazi yake ni kuvuta hewa ya bahari mchana kutwa. Kusi ikivuma miezi ile ya katikati ya mwaka, gari linalolazwa upande wa Mama Ngina Drive huamka na ukungu wa chumvi kwenye kioo. Ukungu huohuo umo ndani ya vipezi. Alumini hugeuka unga mweupe, na ukiigusa kwa kidole inamomonyoka. Pikapu inayobeba samaki, kama yangu, huongezewa maji ya chumvi kwa mgao wake. Dawa ni maji matamu ya mpira wa kawaida, kwa upole, kila wiki mbili tatu. Wale wa kuosha magari kwa mashine ya presha huvilaza vipezi vyote upande mmoja, na kipezi kilicholala ni sawa na dirisha lililofungwa. Nimejifunza kushuka na kusimama mbele ya gari langu wakati wa kuoshwa, kama mtu anayelinda mlango.

Ikibidi kununua nyingine, iweke kando ya ile kuukuu kabla hujalipa. Kondensa rahisi inaweza kuingia mahali pake vizuri kabisa, bolti zote zikaonana, kumbe mistari yake imeachana na vipezi ni vichache. Hesabu mistari. Kompresa ya mtumba kutoka Japani ni biashara nzuri mara nyingi, lakini uizungushe kwa mkono: iende laini, isikwame wala isilegee kama mlango wa kuku. Mimina mafuta yake kwenye kitambaa cheupe. Yakiwa safi, nunua. Yakiwa meusi na yanametameta chembe za chuma, irudishe. Na kama kompresa yako mwenyewe ndiyo iliyokufa hivyo, chembe zile zimeshaenea mwili mzima. Fundi anayebadilisha kompresa peke yake na kuiacha kondensa na draya za zamani anaiandalia kompresa mpya kaburi. Kondensa za siku hizi zina vijia vidogo mno, hazioshiki zikatakata.

Tukirudi kwenye mpira wangu. Mzee hakuukata na kuufunga kwa klipu ya bomba la maji, jambo ambalo ningelilipia bila kujua. Aliupeleka kubanwa ncha mpya kwa mashine, na muda wote mabomba mawili yaliyobaki wazi aliyaziba kwa nailoni na utepe. Hilo liangalie sana. Mafuta ya esi hunywa unyevu. Yaache wazi usiku mmoja katika mji huu na yatafanya kama chumvi iliyosahauliwa wazi jikoni wakati wa masika. Maji na mafuta yakichanganyika na gesi hutengeneza asidi, na asidi hula kila kitu kimyakimya. Fundi anayeacha mabomba wazi akaenda kula chakula cha mchana amekupa jibu lako. Aidha, kila mahali palipofunguliwa hupewa oringi mpya iliyopakwa mafuta ya esi, si mate wala grisi, na draya hubadilishwa, kwa kuwa ile ya zamani imeshashiba maji.

Kisha huja sehemu ambayo wateja wengi hukosa subira, na mafundi wabovu hushukuru kwa hilo. Pampu ya kunyonya hewa. Ukiondoa hewa yote ndani ya mfumo, maji yaliyobaki huchemka kwa joto la kawaida tu la siku na kutolewa yakiwa mvuke. Kazi hii yataka nusu saa kwa uchache. Hapa pwani mimi sikubali chini ya dakika arobaini na tano. Baadaye valvu zinafungwa, pampu inazimwa, na mnangoja. Sindano ya geji ikianza kurudi, bado pana tundu, na mtungi haufunguliwi. Mzee aliutumia muda ule kumalizia kahawa yake na kunieleza habari za Mwembe Tayari ya zamani. Wengine huiwasha pampu dakika tano kwa ajili ya sauti yake.

Ndipo mtungi unafunguliwa, na hapo utazame chombo kimoja tu: mizani. Chini ya boneti ya karibu kila gari kuna kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Pikapu ya viti viwili mara nyingi huhitaji nusu kilo hivi, kuzidi au kupungua kidogo. Kijazo kizuri hupimwa kwa uzito, kwa sababu presha hubadilika na joto la siku na gramu hazibadiliki. Karakana yenye vioo, kiyoyozi cha ukutani na televisheni ya wateja, lakini haina mizani, nafsi yangu huitilia shaka. Mzee hakuwa na kiti cha pili lakini mizani alikuwa nayo, imefungwa kwenye taulo.

Gesi yenyewe nayo yataka jicho. Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia R12, ile iliyothibitika kutoboa tabaka la ozoni na kupigwa marufuku kupitia Mkataba wa Montreal wa 1987. R134a ilichukua nafasi yake; haigusi ozoni, lakini kilo yake moja ikiachiwa hewani hupasha dunia joto sawa na zaidi ya tani moja ya hewa ya ukaa, ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikutana hapa jirani, Kigali, zikakubaliana kuipunguza yenyewe na jamaa zake. Magari mapya yanakuja na R1234yf. Kwa hiyo fundi anayefungua valvu na kuiacha gesi kuukuu itoke "shiii" mtaani, anakuonyesha pia hana mashine ya kuivuna. Siwezi kusema nawakwepa wote, maana mashine hizo ni chache, lakini aliye nayo nampa alama zake.

Gesi bandia ni jambo zito zaidi. Mwaka 2011 makontena ya baridi, yale yanayobeba nyama na matunda melini, yalilipuka Vietnam na Brazil, wakafa wafanyakazi watatu. Ndani yake ilikutwa gesi iliyouzwa kama R134a lakini imechanganywa na kloridi ya methili, ambayo ikikutana na alumini hutengeneza kitu kinachowaka kinapoguswa na hewa. Mji wenye bandari ya Kilindini, uliojaa makontena ya aina hiyo, hauwezi kuichukulia habari ile kama hadithi ya mbali. Tazama mtungi una lebo iliyo kamili, valvu haijachezewa, na fundi anaweza kukwambia ameununua wapi. Bei ikikushangaza kwa urahisi wake, endelea kushangaa, usilipe. Wako pia wanaotia gesi ya kupikia. Hupoza, na hupoza vizuri, hilo lisikuhadae: ni moto uliofichwa nyuma ya dashibodi, umbali wa dhiraa moja kutoka magotini kwako.

Mambo mengine madogo niyapitie mbio. Maji yakimwagikia miguuni mwa utingo, mfereji wa koili umeziba. Waya mwembamba na dakika tano zinatosha. Hewa ikitoka baridi kidogo tu ilhali mabomba yote yako sawa, bana kwa muda mpira wa maji moto unaoingia kwenye hita. Hewa ikipoa, bomba la hita halifungi. Pikapu iliyotoka bara, ambako mwenyewe hakuwasha esi miaka minne, sili ya kompresa yake huwa imekauka na itaanza kuvuja ukiifikisha hapa; ndiyo maana esi iwashwe dakika kumi kila wiki hata wakati wa baridi. Angalia na tundu lililotobolewa ukutani mwa injini kupitishia waya wa redio bila raba: joto lote la injini huingia hapo. Fundi aliyeiruka rilei au swichi ya presha kwa kipande cha waya ili klachi ishike, usimrudie.

Kuhusu vyeti, najua wanaovidharau. Mji huu una historia ndefu ya kusomesha mikono: chuo kilichoanza kama MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar na Aga Khan miongoni mwa wengine, ndicho leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, na mtihani wa ufundi wa NITA wa daraja la tatu hadi la kwanza hauwi bure. Mwenye cheti ana uwezekano mkubwa wa kujua kwa nini anavuta hewa. Lakini cheti hukijui mpaka umwone mwenyewe akishika geji.

Kazi ikiisha, fundi mzuri haulizi "yapoza?" Huchomeka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi, afunga milango, aweka hewa ya kuzunguka ndani, apandisha injini kidogo, angoja. Nairobi ungetaka uone nyuzi 5 au 6. Mombasa mwezi wa Februari, ukipata kati ya 8 na 12 kwa mchana wenye unyevu, mlipe na umwombee dua, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu ya esi hapa haitumiki kupoza hewa. Inatumika kuikamua maji. Na kabini ya viti viwili, ikichukua zaidi ya dakika kumi kupoa, rudini chini ya boneti. Mwishoni akukabidhi vitu vyako vibovu. Ule mpira wangu uliotoboka ninao mpaka leo, umetundikwa stoo.

Wiki ile ile nilirudi Likoni, saa nane, samaki nyuma, madirisha yamefungwa. Foleni haikwenda. Kijana wa mkokoteni aliyesimama ubavuni kwangu aliinama akachungulia chini ya gari, upande wa utingo, akagonga kioo kwa pete yake. Nikateremsha kidogo, joto likaniingia kama mgeni asiyebisha hodi.

"Ami, gari yako yavuja maji hapa chini. Yachirizika!"

Nikainama nikayatazama: tone, tone, tone, yakifanya kijito kwenye lami kuelekea kwenye gurudumu lake. "Yaache," nikamwambia, nikapandisha kioo.